Nundu Haitoki Bombani

Nundu ya samaki ni uvimbe unaoota juu ya paji la uso, kuanzia juu kidogo ya macho hadi karibu na pezi la mgongoni. Huonekana zaidi kwa baadhi ya samaki wa familia ya sikilidi, ukoo uleule wa perege, sato na furu. Anayefahamika zaidi Afrika Mashariki ni Cyphotilapia frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye milia mipana myeusi juu ya mwili mweupe wa kibuluu. Anayetafutwa zaidi madukani ni flauahoni, chotara aliyezalishwa Malaysia katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya sikilidi wa Amerika ya Kati. Wengine ni Cyrtocara moorii wa Ziwa Nyasa, Steatocranus casuarius wa maporomoko ya Mto Kongo, na Amphilophus citrinellus wa maziwa ya Nikaragua, ambaye wafugaji humwita Midas.

Kuhusu nundu hiyo imejengeka imani ambayo sasa hurudiwa kama kanuni: kwamba maji ndiyo yanayoitengeneza. Mwenye samaki wa paji bapa huambiwa apandishe joto, atie chumvi, abadilishe maji mara tatu kwa wiki, apime pH na kuisogeza. Nundu ikitokea, maji hupewa sifa. Isipotokea, mwenye tangi hulaumiwa.

Rai inayopingwa

Ikisemwa kwa haki, rai hiyo husimama hivi. Nundu ni tishu laini yenye maji na mafuta, kwa hiyo haiwezi kukosa kuguswa na maji yanayomzunguka samaki. Maji ya joto, nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, humfanya samaki ale sana na akue upesi, na nundu hukua pamoja naye. Chumvi kidogo humpunguzia kazi ya kulinda chumvichumvi za mwili wake, na nguvu inayookolewa huenda kichwani. Maji yakibadilishwa mara kwa mara, taka haijilimbikizi na samaki huchangamka. Ugumu wa maji na pH vikikaa sawa, ngozi ya nundu hutanuka vizuri. Ushahidi ni wa macho: mpango wa maji ulibadilishwa, miezi mitatu baadaye nundu ikachomoza. Na kinyume chake pia kimeonekana: maji yalipochafuka, nundu ilinywea.

Sehemu hii ya mwisho ni kweli, na ndiyo inayoipa rai nzima uhai. Samaki anayeishi katika amonia hupoteza hamu ya kula, homoni za kuzaliana hushuka mwilini mwake, na nundu yenye kutegemea homoni hizo hushuka nazo. Kosa liko katika hatua inayofuata, pale inaposemwa kwamba kwa kuwa maji mabaya huondoa nundu, basi maji mazuri huileta. Wafugaji wa ng'ombe hawajawahi kulifanya kosa hilo. Kila mchungaji anajua kwamba ukame hunyweza nundu ya ng'ombe wa Kiborani. Hakuna aliyewahi kungoja mvua za masika zimwoteshe Friziani nundu.

Hoja zinazofuata zinachukua madai hayo moja baada ya jingine.

1. Nundu si kitu kimoja

Rai ya maji huzungumza juu ya nundu kana kwamba ni kiungo kimoja chenye dawa moja. Ukiwatazama samaki wenyewe, wazo hilo halisimami.

Kwa frontosa, nundu ni ya kudumu. Huanza kama mwinuko mdogo wa paji, huongezeka mwaka hadi mwaka, na huwa kwa dume na jike, ingawa ya dume huwa kubwa zaidi. Frontosa hukua polepole. Huchukua takriban miaka mitatu au zaidi kukomaa, na nundu inayopigiwa picha ni ya mzee, si ya kijana aliyetunzwa vizuri kwa miezi mitatu.

Kwa Midas, nundu ni jambo la msimu. Tishu iliyo chini ya ngozi ya paji hushika maji ya mwili na kuvimba, na amri ya kufanya hivyo hutoka kwa homoni. Jambo hilo halikugunduliwa juzi: utafiti wa C. R. Bleick kuhusu homoni na nundu ya samaki huyo ulichapishwa mwaka 1975. Kwa Steatocranus, hata jina la kisayansi, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki, lina maana ya fuvu la mafuta. Na kwa flauahoni, wauzaji wenyewe hutofautisha nundu ngumu na nundu ya maji, wakaziuza kwa bei tofauti.

Hapo pana nundu ya umri, nundu ya msimu, nundu ya mafuta na nundu ya chotara. Anayeahidi kuzikuza zote kwa kipimo kimoja cha chumvi na nyuzi mbili za ziada anafanana na mganga ambaye dawa yake moja hutibu jino, mimba na kesi mahakamani.

2. Maji yaleyale, vichwa mbalimbali

Kama maji ndiyo mfinyanzi wa nundu, Ziwa Tanganyika lingekuwa kiwanda chake. Maji yake ya juu yana pH inayokaribia 9, na uwezo wake wa kupitisha umeme, ambao ni kipimo cha chumvichumvi zilizoyeyuka, ni takriban mikrosimensi 650 hadi 700 kwa sentimita. Hali hiyo haitofautiani sana kutoka Bujumbura hadi ncha ya kusini upande wa Zambia. Ndani ya maji hayo mna spishi zaidi ya 200 za sikilidi. Wenye nundu ya kutajwa ni wachache. Sato wa ziwa hilo, Oreochromis tanganicae, anaoga maji yaleyale maisha yake yote na paji lake hubaki paji.

Hata frontosa wenyewe hawafanani. Wa Kigoma hujulikana kwa milia saba, ilhali wa sehemu nyingine huwa na sita. Wa kusini walitengwa mwaka 2003 kuwa spishi nyingine, Cyphotilapia gibberosa. Kilichowatofautisha ni vizazi vingi vya kuishi kila kundi kwenye miamba yake, kwa kuwa samaki hawa hawavuki kirahisi maeneo mapana ya mchanga. Maji ni mamoja, uzao ni tofauti, na maumbile yamefuata uzao.

Upande wa pili wa hoja ni mkali zaidi. Katika Rio Negro, tawi la Amazon lenye maji meusi kama chai ya rangi, pH huweza kuwa kati ya 4 na 5 na chumvichumvi karibu hakuna: mikrosimensi kama 10 hivi kwa sentimita. Humo anaishi Cichla temensis, sikilidi mkubwa mla samaki, na dume lake huota nundu ya wazi wakati wa kuzaliana. Kati ya Rio Negro na Tanganyika kuna tofauti ya zaidi ya mara 60 katika chumvichumvi, na tofauti katika pH inayogeuza kabisa kemia ya maji. Steatocranus naye yuko katika maji laini ya Kongo yanayokwenda kasi. Midas yuko katika maziwa ya volkano ya Nikaragua. Nundu zimeota kote huko bila kuomba ruhusa ya kemia.

Kwa hiyo "maji ya nundu" hayapo. Yapo maji ya Tanganyika, ambayo frontosa anayahitaji ili awe mzima, na maji ya Amazon, ambayo Cichla anayahitaji kwa sababu ileile. Anayetia magadi kwenye tangi la samaki wa maji laini kwa matumaini ya kichwa kikubwa anamtesa samaki kwa kosa la jiografia.

3. Nyuzi 32 na pumzi ya samaki

Dai la joto ndilo lenye wafuasi wengi, na ndilo linalojipinga upesi. Mwezi Februari, tangi lisilo na hita katika sebule ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hukaribia nyuzi 30 lenyewe. Joto likiwa mbolea ya nundu, perege wa mabwawa ya pwani wangekuwa wameshaanza kufanana na ng'ombe. Frontosa, kwa upande wake, huishi kwenye kina cha mita 10 hadi 50 na zaidi, ambako maji huzunguka nyuzi 25 hadi 27. Nundu yake kubwa imekua bila kuonja nyuzi 32 hata siku moja.

Kinachosemwa kwa haki ni kwamba joto huharakisha ukuaji wa samaki mchanga, kwa kuwa kazi za mwili huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Lakini kuharakisha si kuumba. Samaki ambaye uzao wake hauna nundu atafika haraka zaidi kwenye utu uzima wake wa paji bapa.

Gharama ya mwendo huo haitajwi. Maji safi ya nyuzi 25 yakijaa hewa hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Kwa nyuzi 32 hubeba 7.3. Samaki anahitaji oksijeni zaidi kwa sababu mwili wake unakwenda kasi, na maji yanampa pungufu kwa sababu yana joto. Bakteria wa kwenye filta, ambao nao huvuta oksijeni ileile kusafisha amonia, wamo katika foleni hiyohiyo. Dalili ya kwanza huonekana alfajiri: samaki yuko juu ya maji, mdomo wazi, mashavu yakipigapiga kama mvukuto. Mwenye tangi hutazama nundu. Samaki anatafuta hewa.

Kwa Nairobi, Arusha au Mbeya, ambako hita ni lazima, kuna bili pia. Hita ya wati 200 ikiwaka saa 12 kwa siku hula uniti 2.4, sawa na uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Sehemu ya umeme huo inamlinda samaki dhidi ya baridi na ina haki yake. Sehemu inayopandisha joto kutoka nyuzi 27 hadi 32 inanunua uzee wa mapema.

4. Chumvi na nadharia ya sifongo

Nadharia ya sifongo husema hivi: nundu ina maji, kwa hiyo maji ya nje huingia na kuijaza. Kutokana na hapo kuna makundi mawili. La kwanza hushauri maji laini, hata ya mvua, ili yapenye kwa wingi. La pili hushauri chumvi ya mawe. Makundi hayo hukaa pamoja kwa amani ya ajabu, ingawa ushauri wa moja huua wa jingine. Chumvi ikiongezwa kwenye tangi, maji yanayoingia mwilini mwa samaki hupungua. Kama nundu ni sifongo, chumvi ingeinyweza.

Ukweli ni kwamba mwili wa samaki si sifongo. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvichumvi nyingi kuliko maji anamoogelea, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku, hasa kupitia matamvua. Figo huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua huokota chumvi chache zilizomo majini na kuzirudisha kwenye damu. Utaratibu huo ukivunjika, maji hayachagui paji la uso. Tumbo hufura, macho hutokeza, na magamba husimama kama ya nanasi. Huo ni ugonjwa, na mara nyingi ni wa kufisha. Maji yanayojaza nundu ya Midas ni maji ya mwili wake mwenyewe, yaliyopangwa mahali pake kwa amri ya homoni. Bomba halina usemi hapo.

Chumvi ina kazi halali, na kazi hiyo haihusu urembo. Nitriti ikipanda kwenye tangi jipya, huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, mpaka damu hugeuka rangi ya kahawia. Kloraidi ya chumvi hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua na kuizuia. Hiyo ni huduma ya kwanza ya siku chache. Ikigeuzwa kuwa desturi ya kila wiki, tatizo lingine huanza: maji huvukizwa, chumvi haivukizwi. Anayeongeza maji yaliyopungua na kutia kijiko kingine cha chumvi kila mara hupata tangi linalozidi kuwa chumvi mwezi hadi mwezi, mimea inayooza, na samaki ambaye figo zake zimepewa mtihani usio na tarehe ya kuisha.

5. Jogoo na mapambazuko

Dai la kubadilisha maji ndilo lenye heshima zaidi, kwa sababu kubadilisha maji ni jambo jema. Taka ya flauahoni mmoja anayelishwa vizuri ni nyingi. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati haina njia ya kutoka isipokuwa kupitia mimea au ndoo. Hilo halibishaniwi. Linalobishaniwa ni hesabu ya sababu.

Flauahoni hununuliwa akiwa na sentimita tatu au nne. Nundu ya uzao mzuri huanza kujionyesha katika miezi michache ya kwanza na kuongezeka mwaka wa kwanza unavyokwenda. Kipindi hicho ndicho mwenye tangi mpya anapokuwa na bidii: anapima, anabadilisha, analisha vizuri. Nundu ikichomoza, bidii hudai mtoto. Wahenga walikwisha kulitolea hukumu jambo hili: jogoo awike asiwike, kutakucha.

Mtihani wa kumaliza ubishi uko ndani ya tangi lenyewe. Ndugu wa tumbo moja hulelewa pamoja, katika maji mamoja, joto moja na chakula kimoja. Baada ya mwaka, dume mmoja ana nundu kama limau, mwingine ana mwinuko wa kufikirika, na majike wana mapaji ya kawaida. Maji hayakumpendelea mmoja. Kigeugeu hapo si maji, kwa kuwa maji hayakugeuka.

Wapo wanaodai kwamba mvua na mafuriko ya Amazon huchochea nundu ya Cichla. Ni kweli kwamba msimu ni ishara kwa mwili. Lakini mafuriko hayo humfikia dume, jike, mtoto na spishi nyingine zote za mtoni kwa siku ileile. Anayeota nundu ni dume aliyekomaa wa spishi yenye nundu. Msimu hugonga mlango. Wa kufungua lazima awe ndani.

Hata wema wa kubadilisha maji una ncha kali ukigeuzwa kuwa ulevi. Nusu ya tangi la lita 300, mara tatu kwa wiki, ni lita 450, yaani madumu 22 na nusu ya lita 20. Katika mtaa unaonunua maji ya mkokoteni, hesabu hiyo inatosha kumtoa mtu usingizini. Na kuna hatari isiyoonekana. Bakteria wa filta hula uwezo wa maji kuhimili asidi, kwa hiyo pH ya tangi lililosahauliwa hushuka. Kwa pH 6.5 na nyuzi 25, chini ya asilimia 0.2 ya amonia yote huwa katika umbo lenye sumu kali. Sehemu iliyobaki haina madhara makubwa. Maji mapya mengi yakiipandisha pH hadi 8 kwa mpigo, sehemu yenye sumu hufika asilimia 5.4, takriban mara 30. Mtu aliyesahau tangi kwa miezi miwili, kisha akalivamia kwa ndoo kumi ili nundu irudi, huweza kuamka na mzoga. Samaki huyo hakuuawa na uchafu peke yake. Aliuawa na usafi wa ghafla.

6. Uzao unaofichwa

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nundu ya flauahoni imeundwa na mkono uliochagua na mkono uliotupa. Wazalishaji wa Malaysia walichanganya Midas, Amphilophus trimaculatus na sikilidi wengine. Kichwa kilichotokea kilifananishwa na cha Shou, mzee wa maisha marefu katika imani za Kichina, naye samaki akapewa jina la Kichina la luohan. Madoa ya ubavuni yaliyofanana na herufi za Kichina yalipandisha bei. Kutoka hapo, kila kizazi kimekuwa uchaguzi: wenye nundu na madoa huzalishwa, wengine huondolewa.

Jike mmoja hutaga mayai mamia kwa mara moja. Vifaranga wanaofikia sifa ya picha ya tangazo ni wachache mno. Waliobaki hawatajwi katika simulizi la maji, kwa sababu nao walilelewa katika maji yaleyale ya kitaalamu na hawakuota kitu. Baadhi huuzwa kwa bei ya chini kama "bado wachanga, nundu itakuja". Baadhi hutupwa. Baadhi wameachiliwa mitoni na mabwawani, na leo flauahoni wanapatikana katika maji ya wazi ya Malaysia na Singapore, ambako hula na kufukuza samaki wenyeji. Nundu ya mmoja sebuleni ina ndugu mamia waliolipia.

Uchaguzi huo una deni jingine. Madume mengi ya flauahoni hayazalishi, au huzalisha kwa shida. Mnunuzi anayempenda dume mwenye kichwa kikubwa akitumaini kupata watoto wa aina hiyo huweza kukaa na mayai meupe yaliyooza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ikiwa baba anaweza kuzaa.

Tena kuna homoni za kutiwa. Vituo vya kuzalisha vifaranga vya sato, Afrika Mashariki ikiwemo, hutumia homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwenye chakula ili wapatikane madume watupu. Biashara ya samaki wa mapambo haina ukuta unaoizuia kutumia mbinu kama hiyo kupamba bidhaa. Nundu iliyochochewa kwa dawa hushuka dawa ikikoma, nayo dawa hukoma siku samaki anapotoka dukani. Hapo ndipo rai ya maji inapofanya kazi yake iliyo bora kwa muuzaji. Mnunuzi anaporudi na malalamiko, huulizwa swali moja tu: "Maji yako yakoje?"

7. Nundu isiyoshuka

Wanaotetea rai ya maji hupenda kusema kwamba nundu kubwa ya kudumu ni cheti cha afya na cha maji bora. Midas wa porini anaibatilisha hoja hiyo. George Barlow wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyewachunguza samaki hawa kwa miaka mingi, alieleza kwamba katika maziwa ya Nikaragua nundu ya dume huinuka karibu na wakati wa kuzaliana, kisha hushuka. Tangini, dume hukaa na nundu mwaka mzima.

Ikiwa nundu ni kipimo cha ubora wa maji, basi tangi la kioo la lita 200 ni bora kuliko ziwa. Hakuna mfugaji atakayethubutu kusema hivyo, lakini hoja yake imekwisha sema. Maelezo yanayoingia akilini ni mengine. Tangini chakula hakikatiki, joto halibadiliki, na mpinzani yupo daima, akiwa jirani nyuma ya kizuizi au taswira kwenye kioo kilichowekwa makusudi kumchokoza. Mwili unaambiwa kila siku kwamba msimu wa kugombea jike na eneo ndio leo. Porini, dume hupanda cheo kisha akashuka, akala, akapumzika. Tangini hushikiliwa kwenye kilele kama askari asiyebadilishwa zamu.

8. Nani anayelipa

Rai ya maji imedumu kwa sababu inauzika. Uzao hauuzwi kwenye chupa. Umri hauwezi kufungashwa. Maji, kinyume chake, huweza kuongezwa kitu kila wiki, na kila kitu kinachoongezwa kina bei: hita, chumvi, vidonge, vipimo, vimiminika vya rangi ya dhahabu. Zaidi ya hayo, rai hiyo humhamishia mnunuzi kosa la muuzaji. Aliyeuziwa kifaranga wa uzao hafifu hubaki na hatia ya kutobadilisha maji vya kutosha.

Samaki hulipa zaidi. Frontosa wa ziwani huvuliwa na wazamiaji, kisha lazima apandishwe kwa hatua, kwa sababu kibofu chake cha hewa hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Akipandishwa kwa pupa, hufika juu tumbo likiwa limefura. Aliyenusurika safari hiyo, kisha ndege, kisha duka, anaingizwa kwenye tangi la nyuzi 31 lenye chumvi ya mawe, na kungojwa aote kichwa kwa miezi mitatu. Mfadhaiko wa kuhama peke yake hutosha kunyweza nundu kwa wiki kadhaa. Kila dawa inayotiwa kuirudisha ni uhamisho mwingine.

Kazi halisi ya maji

Zikipangwa kwa uzito, sababu za nundu huanza na spishi na uzao, hufuata jinsi na umri, kisha homoni pamoja na cheo cha samaki kati ya wenzake, kisha lishe. Maji huja baada ya hizo, na kazi yake ni kutozuia. Amonia na nitriti zisionekane kwenye kipimo. Nitrati iwekwe chini kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, kwa kiasi kilekile na bila mshtuko. Klorini ya bomba iondolewe kabla maji hayajagusa matamvua. Frontosa apewe nyuzi 25 hadi 27, pH iliyo juu ya 8 na ukumbi mpana. Na kwa kuwa kwenye pH 9 na nyuzi 25 zaidi ya theluthi moja ya amonia huwa katika umbo la sumu, usafi wake usiwe wa kubahatisha. Flauahoni hutosheka na nyuzi 27 au 28 na maji ya kawaida yasiyoyumba.

Hayo yakitimizwa, samaki mwenye nundu katika uzao wake ataionyesha kwa wakati wake, na asiye nayo ataishi vizuri bila hiyo. Anayeitaka nundu kwa dhati atazame kwanza paji la baba wa samaki, kama yupo wa kutazamwa, ndipo afungue bomba.